Madagaska Haizungukwi kwa Gari

Msimu wa likizo ukikaribia, ujumbe huu hunifikia karibu kila wiki, na wanaouandika utadhani wameazimana maneno: "Tuna siku kumi. Tutakodi Land Cruiser Antananarivo. Tunataka kuizunguka Madagaska yote kwa kufuata pwani. Tuanzie mashariki au magharibi?" Zamani nilijibu kwa upole, nikauliza mwezi wa safari na idadi ya watu. Siku hizi najibu kwamba hamtaizunguka, kisha nangoja lawama. Nimeambiwa navunja watu moyo. Nimeambiwa yupo jamaa wa fulani aliyezunguka. Nimetumiwa picha za ramani ya simu zenye mstari wa buluu na saa zilizohesabiwa hadi dakika, kama ushahidi wa kunifunga mdomo. Kazi yangu ni kupanga safari za barabara, na mstari wa buluu haujawahi kuvusha gari mto.

Najua wazo hili linatoka wapi. Mtu wa pwani akisikia neno kisiwa, kinachomjia ni Unguja, ambako unakunywa chai Mji Mkongwe, unakula mchana Nungwi, na jua linapozama uko Paje. Aliyetembea zaidi anaikumbuka Mauritius, nchi ya kilomita za mraba 2,000 na ushee, ambayo dereva asiye na haraka huimaliza kwa siku moja. Na vijana wameangalia video za Iceland, ambako barabara namba 1 inaizunguka nchi nzima, kilomita zaidi ya 1,300, na mtu huondoka Reykjavík akielekea mashariki akarudi Reykjavík akitokea magharibi. Kutokana na hayo watu wamejenga imani kwamba kila nchi ya kisiwa ina barabara ya kuizunguka, na kilichobaki ni kuchagua pa kuanzia.

Madagaska ina kilomita za mraba 587,000. Kenya nzima haifiki hapo. Toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni karibu kilomita 1,600. Sijapata kuulizwa kama siku kumi zinatosha kuizunguka Kenya kwa kufuata mipaka yake, kupitia Mandera, Moyale na Lokichoggio. Anayeuliza hivyo angechekwa. Ila nchi ikishazungukwa na bahari, watu huipunguza kichwani mpaka itoshe kwenye likizo yao.

Lakini ukubwa si hoja yangu. Ugonjwa wa ukubwa dawa yake ni kuongeza siku. Hoja yangu ni kwamba duara lenyewe halipo, si kwa siku kumi, wala kwa siku arobaini. Tafuta ramani nzuri ya karatasi, tuifuate pwani pamoja.

Tuanzie Toamasina, bandari kuu, upande wa mashariki. Ukielekea kaskazini, barabara ya taifa namba 5 ni ya lami hadi Soanierana-Ivongo, kilomita kama 160, mahali watu wanapopanda boti kwenda kisiwa cha Sainte-Marie. Kuanzia hapo inaitwa barabara ya taifa kwa heshima tu. Mpaka Maroantsetra zimebaki kilomita zaidi ya 200 za mchanga wa ufukweni, miamba, madaraja ya mbao ambayo baadhi ya mbao zake zimeshaondoka, na mito, mto baada ya mto, inayovukwa kwa pantoni. Usiwaze pantoni ya Kigamboni. Hizi ni majukwaa ya gari moja au mawili. Yapo yenye injini, ambayo huenda ukaambiwa ununue mafuta mwenyewe ndipo iwake, na yapo yanayovutwa na watu kwa waya au kusukumwa kwa miti. Mvua ikinyesha milimani, mto unajaa, nahodha anakaa kivulini, na wewe unakaa naye.

Ukifanikiwa kufika Maroantsetra, barabara ya pwani inakwisha. Siyo kwamba inaharibika zaidi. Inakwisha. Mbele yako ni rasi ya Masoala, msitu mkubwa wa mvua unaoshuka hadi baharini, na anayetaka kutokea Antalaha upande wa pili anakwenda kwa miguu siku kadhaa, au anapanda chombo. Gari linageuza na kurudi Soanierana-Ivongo kwa njia ileile iliyokutesa. Duara limeshakatika, na hata robo ya pwani hatujamaliza.

Tuseme gari limeota mbawa likatua Antalaha. Kutoka hapo kwenda Sambava hadi Vohemar, katika nchi ya vanila, kuna lami. Kutoka Vohemar kuvuka kwenda Ambilobe ni kipande ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kilio cha madereva. Kisha unapanda hadi Antsiranana, ambayo wengi bado wanaiita Diego, au unashuka kwa barabara namba 6 kupitia Ambanja hadi Ambondromamy, unakata kulia kwenda Mahajanga. Upande huu sina ugomvi nao. Ni safari ya kweli ya magari, yenye vipande vizuri na vibaya kutegemea wakandarasi wamefika wapi.

Ugomvi unarudi Mahajanga. Ukitaka kuendelea kusini kwa kufuata pwani ya magharibi, kwanza unavuka ghuba kwa feri hadi Katsepy, halafu unaingia nchi ya Soalala, Besalampy na Maintirano, ambako njia ni nyayo za magurudumu zinazopotea mvua ikianza na kuchorwa upya kiangazi. Mito ya magharibi siyo vijito. Betsiboka, Manambolo, Tsiribihina na Mangoky yote hushuka kutoka nyanda za juu ikiwa imebeba udongo mwekundu, ikifika tambarare inatanuka, inahamisha mchanga, inabadilisha kingo. Kujenga daraja juu ya mto wa aina hiyo ni mradi wa serikali na mabenki ya maendeleo.

Kipande cha pwani hii kinachojulikana duniani ni kile cha kutoka Morondava kwenda Bekopaka, kwa sababu ya mibuyu na majabali ya Tsingy ya Bemaraha. Ni kilomita kama 200. Siku njema huchukua saa nane hadi kumi, pantoni mbili ndani yake, moja ya mto Tsiribihina kabla ya Belo na nyingine ya Manambolo mlangoni mwa Bekopaka. Na hiki, ndugu msomaji, ndicho kipande kizuri. Ndicho kinachopitiwa na watalii.

Kutoka Morondava kwenda Toliara kwa kufuata pwani, kupitia Belo-sur-Mer na Morombe, ni mchanga, vichaka vya miiba na mto Mangoky. Kutoka Toliara kwenda Tolagnaro kwa barabara namba 10, kupitia Ampanihy na Ambovombe, ni siku mbili au tatu za vumbi katika eneo ambalo wezi wa ng'ombe wenye silaha, wale wanaoitwa dahalo, hawajaacha kazi yao. Tolagnaro kwenda kaskazini hadi Vangaindrano kuna vivuko vya pantoni vinavyokaribia kumi katika barabara moja. Halafu lami inarudi, Farafangana na Manakara unapita vizuri, unafika Mananjary ukidhani mateso yamekwisha, kumbe kati ya Mananjary na Mahanoro pwani ni ya mitumbwi. Wenyeji hapo husafiri kwa Pangalanes, mfululizo wa mito na maziwa uliounganishwa kwa mifereji wakati wa utawala wa Wafaransa, zaidi ya kilomita 600 kutoka Toamasina hadi Farafangana. Anayetazama ramani huona mstari sambamba na bahari akafurahi. Mstari ule ni maji.

Kwa hiyo ukiniambia yupo aliyezunguka, sitabisha kwa nguvu. Wapo wenye pikipiki wanaojaribu, kwa wiki nyingi, pikipiki zao zikipakiwa kwenye mitumbwi. Hao hawaniulizi mimi. Wanaoniuliza wana watoto wawili, mkoba wa chakula na tiketi ya kurudi.

Sababu za hali hii si uzembe wa jana. Barabara kuu za Madagaska zimeumbwa kama pweza, kichwa kiko Antananarivo na mikono inanyooka kwenda baharini: namba 2 kwenda Toamasina, namba 4 kwenda Mahajanga, namba 7 kwenda Toliara. Ncha za mikono hazigusani. Nyanda za juu zimekaa katikati kama uti wa mgongo toka kaskazini hadi kusini. Upande wa mashariki zinaporomoka ghafla na kumwaga mito mifupi yenye nguvu, upande wa magharibi zinateremka polepole na kuzaa ile mito mipana. Aliyetawala katikati hakuwa na haja ya kuziunganisha ncha, na kuna waliotaka zisiunganike. Husimuliwa kwamba Radama wa Kwanza, mfalme wa Wamerina aliyetawala kuanzia 1810 hadi 1828, alijigamba kuwa ana majenerali wawili wasioshindika, Hazo na Tazo, yaani msitu na homa. Barabara nzuri kutoka pwani hadi ikulu ilikuwa zawadi kwa adui, na watawala wa Antananarivo hawakuwa na haraka ya kuitoa.

Sasa tufike kwenye dawa ya mganga wa kienyeji, maana kila nikieleza haya naletewa hiyohiyo. "Sawa, barabara mbaya tumeelewa. Ndiyo maana tunakodi Land Cruiser."

Hii Land Cruiser imegeuzwa hirizi. Watu wanaamini ukiwa na gari refu lenye kuvuta magurudumu yote manne, winchi mbele na bomba la kuvutia hewa limesimama kama mlingoti, nchi itajipanga. Hebu tuulize gari hilo linatibu nini. Linatibu tope, mchanga, mawe na kilima chenye utelezi. Hayo yapo Madagaska, na kwenye barabara namba 8 ya kwenda Bekopaka au namba 5 ya Maroantsetra sitakuruhusu uende na kitu kidogo kuliko hicho. Lakini kinachokukwamisha Madagaska mara nyingi siyo tope. Ni pantoni iliyoharibika injini, mto uliojaa, daraja lililochukuliwa na kimbunga, giza lililokukuta kilomita 40 kabla ya mji. Mbele ya pantoni iliyokufa, Land Cruiser ya dola elfu themanini na Renault 4 ya mwaka 1985 ziko sawa: zote zimeegeshwa. Tena ile Renault ina nafuu, kwa kuwa ni nyepesi kwenye mbao za daraja, na fundi wa kijiji cha kwanza anaijua hadi msumari wa mwisho.

Wapo waliojaribu kuishinda nchi hii kwa vyombo vya magurudumu mapema zaidi. Mwaka 1895 Ufaransa ilishusha jeshi Mahajanga ili kuiteka Antananarivo. Mipango ya uchukuzi ilifanywa Ulaya, na waliopanga walikuwa na imani kubwa na chombo chao: vigari vya chuma vya magurudumu mawili, maelfu kwa idadi, vya kukokotwa na nyumbu. Chombo kilikuwa imara. Shida ni kwamba kigari kinahitaji barabara, na barabara haikuwapo. Askari wakapewa majembe wakaanza kuichimba katika mabwawa ya bonde la Betsiboka, na malaria ikawakuta wameinama. Jenerali Tazo akafanya kazi yake. Wafu wa maradhi walipita 5,000. Waliouawa kwa kupigana hawakufika 30. Mwishowe kamanda wao, Jenerali Duchesne, aliachana na vigari, akachukua pale Andriba kikosi chepesi chenye nyumbu wa mizigo, wakatembea hadi Antananarivo na kuuteka mji tarehe 30 Septemba 1895. Barabara namba 4 ya leo inafuata kwa kiasi kikubwa uelekeo uleule. Kila anaponiandikia mtu kunisifia gari atakalokodi, nawakumbuka nyumbu wa Andriba.

Hata Iceland yenyewe inayowapa watu ndoto hizi ni shahidi wangu. Magari mazuri yalikuwapo kule kwa miaka mingi, lakini duara halikuwapo, kwa sababu upande wa kusini kulikuwa na tambarare za mchanga zinazokatwa na mito inayotoka kwenye barafu. Duara lilifungwa mwaka 1974, madaraja ya Skeiðarársandur yalipokamilika. Mwaka 1996 mafuriko kutoka chini ya barafu yakayavunja, nchi ikarudi kuwa na ncha mbili mpaka yakatengenezwa. Barabara ya kuzunguka kisiwa huletwa na madaraja. Gari ni jambo la baadaye.

Na kuna kichekesho cha mwisho kuhusu hirizi hii. Safari ambayo wengi wenu ingewafaa zaidi, ile ya barabara namba 7, haihitaji Land Cruiser hata kidogo. Ni lami kutoka mwanzo hadi mwisho, yenye mashimo ndiyo, lakini magari madogo ya kawaida huipita kila siku. Watu hulipa bei ya gari la jangwani ili kupanda nalo kwenye lami, kisha wanabaki bila pesa ya siku mbili za ziada ambazo ndizo zingewaokoa.

Ramani ya simu nayo niimalizie hapa. Inahesabu pantoni kama daraja, inadhani kilomita 60 za milimani nyuma ya malori ni saa moja, na haijui kwamba kimbunga kilipita mwezi jana. Kwenye lami ya Madagaska, pigia hesabu kilomita 45 kwa saa. Kwenye njia za udongo, pigia 20. Jumla isizidi saa nane kwa siku, kwa sababu kuendesha usiku hakuruhusiwi kwenye mpango wowote ninaoupanga mimi. Usiku kuna malori yaliyokufa njiani bila taa, mikokoteni ya ng'ombe isiyo na hata kioo cha kuakisi, ng'ombe wenyewe, na katika baadhi ya maeneo kuna wanaosubiri gari lililochelewa. Taxi-brousse, daladala za kule, utaziona zikikimbia gizani, pengine kwa msafara. Ni riziki yao. Wewe uko likizo.

Msimu: nenda kati ya Mei na Oktoba. Kuanzia Novemba mvua zinaanza, na Januari hadi Machi ni miezi ya vimbunga. Februari 2022 kimbunga Batsirai kiliingia nchi kavu karibu na Mananjary, kikaua watu zaidi ya 100 na kukata barabara na madaraja ya kusini mashariki. Machi 2024 kimbunga Gamane kikaleta mafuriko kaskazini mashariki. Anayeniambia Desemba ndipo anapata likizo namshauri aende Mauritius, akazunguke mpaka aridhike. Bekopaka hasa isahau nje ya kiangazi. Njia inafungwa, na hakuna wa kubembeleza.

Sasa cha kufanya. Chagua mkono mmoja wa barabara, uende nao hadi baharini, urudi kwa ndege ya ndani. Basi.

Ukiwa na siku nne au tano, toka Antananarivo kwa namba 2 hadi Andasibe, kilomita 145 hivi, ukawasikilize indri, aina ya lemuri, wakilia asubuhi msituni, urudi. Njia hii ndiyo ya malori yote ya bandari, hivyo panga saa nne na usishangae zikiwa sita. Ukiwa na siku nane hadi kumi, namba 7: Antsirabe, Ranomafana, Fianarantsoa, Ambalavao kwa ajili ya lemuri wa Anja wenye mikia ya pete, Ranohira kwa ajili ya mabonde ya Isalo, kisha kupitia Ilakaka, mji ulioota ghafla baada ya yakuti kugunduliwa mwaka 1998, hadi Toliara, karibu kilomita 950 kwa jumla. Bahari ya Ifaty au Anakao siku mbili, ndege, umemaliza. Nikiulizwa safari moja tu, naitaja hii. Ukiwa na idadi hiyohiyo ya siku, ni kiangazi, na mgongo wako ni mzima, nenda Antsirabe, Miandrivazo, Morondava, Bekopaka, rudi Morondava, ndege. Hapo ndipo Land Cruiser inapata kazi yake halali; kutoka Belo kwenda Bekopaka magari mara nyingi husafiri kwa msafara na askari, usijitenge nao. Ukiwa na wiki mbili, kaskazini: hifadhi ya Ankarafantsika, Ambanja, boti ya kutoka Ankify kwenda Nosy Be, Ankarana, Antsiranana, ndege. Kusini ya mbali, namba 10 na namba 13, siipangi kwa watu wa likizo.

Kuhusu kuendesha mwenyewe. Magari mengi ya kukodi kule huja na dereva, na ukilinganisha bei utakuta tofauti ni ndogo, kwa kuwa mwenye gari analiamini zaidi likiwa na mtu wake. Mchukue. Anajua pantoni gani imeharibika kwa kumpigia simu mwenzake, anarudisha gari mjini wewe ukiwa ndani ya ndege, na hoteli nyingi za njiani zina mahali pa kumlaza. Uliza kabla ya kulipa: mafuta ni ya nani, posho ya dereva imo au haimo, na siku za gari kurudi tupu zinatozwa vipi. Anayesisitiza kushika usukani mwenyewe abaki namba 7 na namba 2, awe na leseni ya kimataifa, na akumbuke kwamba kule magari hupita kulia. Wasomaji wa Dar na Nairobi, siku ya kwanza ya kupita kulia msiifanyie kwenye foleni za Antananarivo. Wa Kigali, Bujumbura na Goma hamna shida hiyo, na Kifaransa chenu kitawafaa kwenye vizuizi vya polisi. Kadi ya gari, bima na cheti cha ukaguzi viwe karibu na mkono. Anayefikiria kusafirisha gari lake kutoka Mombasa au Dar aache. Hakuna feri ya magari ya kwenda kule, na gharama ya meli ya mizigo na ushuru wa muda inapita kukodi.

Ondokeni alfajiri. Jazeni mafuta kila mji mkubwa hata tangi likiwa nusu, na kwa njia ya Bekopaka bebeni akiba. Tairi za akiba mbili kwa magharibi, moja kwa namba 7, na mzione kwa macho kabla ya kusaini mkataba. Acheni siku mbili tupu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani, maana ndege za ndani nazo hubadilisha ratiba. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano na dawa za malaria. Kadi za benki hufanya kazi miji mikubwa. Bekopaka na Ranohira nendeni na fedha taslimu, tena nyingi kwa ujazo, kwa sababu noti kubwa kuliko zote ni ya ariari 20,000, ambayo haifiki dola tano za Marekani.